Kinu cha Mama Ndani ya Jermaniumu

Ninyi vijana mnaoingia leo kwenye kazi za ordinateri, yaani kompyuta, ninyi mnaonipita barabarani na kusema "Papa huyu wakati wake umekwisha", kaeni kidogo. Toka Kavimvira mpaka Kalundu, na mkitaka endeleeni mpaka Fizi, hamtapata mtu mwingine aliyetengeneza kelele kwa mikono yake, kelele hizo zikapokelewa ng'ambo na watu wenye vyeti vingi kuliko nywele zangu. Ni minye. Mimi Byamungu, fundi wa redio wa Rugenge hapa Uvira, niliyeacha shule kabla ya kumaliza ya sita primaire. Hakuna aliyenifundisha kufungua redio. Nilifungua ya baba yangu, ikakufa, nikachapwa. Nikaifungua tena, ikafufuka, na tena nikachapwa, maana sasa ilikuwa inakamata Bujumbura peke yake.

Nataka kuwaandikia juu ya kazi, si juu ya vita. Lakini vita ilikuwa ndani ya kazi kama mchanga ndani ya ndagala, dagaa wetu wa ziwa. Utajaribu kuitoa na utaitafuna tu.

Nyuma ya uwanja wetu, ukuta mmoja katikati, kulikuwa na nyumba ya utafiti inayotazama ziwa. Humo alikuja kufanya kazi Dokta Nsimire, binti wa huku huku kwetu, amesoma fizike mbali akarudi na masanduku na sauti ndogo ambayo ulilazimika kuinama ili uisikie. Aliniita nimtengenezee batri za panneau, lile bamba la umeme wa jua. Nikatengeneza. Akaniuliza kama naogopa baridi. Nikamwambia minye siogopi kitu. Akanionyesha mtungi wa baridi.

Ndani ya chumba kile kulikuwa na kristali ya jermaniumu, jiwe la madini linalosikia miale, si kubwa kushinda kopo la nyanya, imefichwa katikati ya matofali ya plombu, yale madini mazito ya risasi, ili miale ya nje isiisumbue. Chini yake kuna mtungi mkubwa wa azoti ya maji, yaani nitrojeni iliyopozwa mpaka ikawa maji, ambayo ilikuwa inaletwa kutoka ng'ambo ya mpaka. Kristali ile haisikii kitu ikiwa na joto. Lazima ikae katika baridi ambayo hata jina haina. Siku ya kwanza nikashika bomba la azoti kwa kidole, ili nione. Kidole kikabaki pale. Nilipokivuta, ngozi ikasema haiji.

"Sasa uko na alama ya kazi," Dokta akaniambia, akinimwagia maji. "Wengine wanapewa badge."

Kristali ile ililetwa kwa kupima umri wa matope ya ziwa. Lakini Dokta alikuwa na kazi ya pili, na hiyo ndiyo iliyonifanya niwe mtu. Alikuwa katika kundi la wataalamu wa nchi nyingi waliozika jermaniumu kubwa kubwa chini ya mlima huko Ulaya, wakisubiri kitu kimoja. Nilivyoelewa minye, ni hivi. Ndani ya jermaniumu yenyewe kuna chembe ambazo huenda, siku moja, zitavunjika kwa namna ambayo hakuna mtu amekwisha kuiona. Huenda. Chembe moja unaweza kuisubiri muda mrefu kuliko umri wa dunia, ndiyo maana unakusanya nyingi na kunyamaza. Ikionekana, wenye elimu watakaribia kujua kwa nini ulimwengu una kitu ndani yake badala ya kuwa mtupu.

Nilimuuliza: "Dokta, na isipoonekana?"

"Tutajua imejificha zaidi ya pale."

"Na kwa hiyo wanalipa mishahara?"

Akacheka mpaka akakaa chini.

Sasa, vijana, sikilizeni kazi yenyewe. Kitu kikigonga ndani ya kristali, umeme kidogo unaamka na kukimbilia pande mbili, na kwenye kioo cha ordinateri unaona mstari unapanda. Kama kilichotokea kimetokea mahali pamoja, mstari unapanda mara moja, kama mtu anayeruka ndani ya ziwa: chubwi, basi. Kama ni mwale umegonga hapa, ukadunda, ukagonga na pale, mstari unapanda kwa vidaraja, kama jiwe ambalo watoto wanalirusha lipige maji mara mbili tatu kabla ya kuzama. Kinachotafutwa ni chubwi moja ya ukubwa fulani. Nyingine zote ni za kutupa.

Lakini utatambuaje kitu ambacho hakuna aliyekiona? Unakiiga kabla hakijaja. Hiyo ndiyo simulasyo. Ndani ya ordinateri unachora kristali, unachagua nukta, unaachilia umeme pale, unaufuata hatua kwa hatua ukikimbia, na mwisho unapata mstari wa uongo unaofanana na wa kweli. Unatengeneza maelfu ya uongo huo, unaipa ordinateri ijifunze: hii shika, hii tupa. Hesabu zilikuwa za Dokta. Macho yalikuwa yangu. Na macho yangu, nawaambia bila aibu, yalikuwa hayana ndugu.

Hata hivyo mistari ya kwanza niliyomsaidia kutengeneza aliikataa yote. Nilikuwa nimeisafisha, imenyooka, inapendeza. Aliitazama akatikisa kichwa.

"Byamungu, hii ni bibi arusi. Sinyali ya kweli imetoka shambani."

Nikaelewa. Mstari wa kweli una vumbi. Kwa hiyo kazi yangu ikawa kelele. Nilikwenda kuzitafuta nyumbani kwao: mashine ya kinyozi, kinu cha umeme cha kusaga mihogo, motari anayepasha moto pikipiki, mvua juu ya mabati, ambayo kwa kristali ni kama mchanga unaomwagwa bila kukoma. Nilirekodi kila moja, nikaiga sura yake, tukaipaka juu ya mistari ya bibi arusi mpaka ikafanana na watu wa kawaida. Ukitaka kuwa fundi wa kazi hii, usikae kwenye kiti. Toka nje ujue ni nani anayepiga kelele mtaani.

Kelele moja ilitusumbua. Kila mchana, mstari ulitikisika kwa mawimbi manene ya polepole, mawili mawili: pa-pa, pa-pa. Dokta alikagua nyaya. Nikakagua ardhi. Kumbe kristali ya jermaniumu inasikia mtikisiko; chumba kikitetemeka, nyaya zake zinatetemeka, nayo inadhani imeguswa. Siku moja, mawimbi yakiwa yanaendelea, nikasikia juu ya ukuta jirani anamsalimia mama yangu. Mawimbi yakasimama. Salamu zikaisha, mawimbi yakarudi.

Mama yangu alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo.

Kinu chake kilikuwa na ufa chini. Ukitwanga, kinagonga sakafu, kinainama kidogo, kinagonga tena. Ndiyo maana pa-pa. Katika Uvira yote hakuna kinu kilichosema hivyo. Mama alikuwa ameanguka miaka ya nyuma na nyonga yake haikupona vizuri, alitembea kwa fimbo, pole pole, akipumzika kila nyumba. Lakini mikono yake ilikuwa bado ya msichana. Alikaa juu ya kigoda, mtwangio mkononi, na mtaa ulijua ni saa ngapi.

Dokta akafurahi. Alisema huko chini ya mlima pia wanasumbuliwa na mitikisiko, pampu, milango. Tukiweza kuiga kinu vizuri, tutaifundisha ordinateri kutupa mashindo yote. Kwa hiyo nilimrekodi mama akitwanga sombe, mstari mviringo kama kilima chenye majani. Nikamrekodi akitwanga mihogo mikavu. Ikabaki moja.

"Mama, leo utwange kinu bila kitu."

"Bila kitu namna gani?"

"Kitupu. Machine isikie mti na mti."

"Byamungu. Weye uko na akili?"

"Ni kazi, Mama."

"Basi kazi ije itwange yenyewe. Minye mama yangu alinikataza. Ukitwanga kinu bila kitu, unaita njaa mu nyumba. Njaa tuko nayo tayari. Unataka alete na ndugu zake?"

Hakukubali. Si kwa sabuni, si kwa kitenge. Nilitwanga mwenyewe, mwanaume mzima, kinu kitupu, huku wanawake wa mtaa wamejipanga kwenye ukuta kama ndege.

"Mama Riziki!" wakamwita mke wangu. "Bwana yako ameolewa lini?"

"Leo asubuhi," mke wangu akajibu. "Na mahari bado hawajanilipa."

Mstari wa kinu kitupu ulikuja mkali, umechongoka kama jino, na nyuma yake mtetemo mdogo wa mti. Ukiuona mara moja huwezi kuuchanganya na wa sombe. Nikauiga pia. Na jioni ile nikaenda kumtambia mama: "Machine inakusikia, unajua? Wazungu chini ya mlima wanajua kinu chako."

"Kama wananisikia," akasema bila kuinua kichwa, "waniletee mawese."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa kabla vita haijashuka tena upande wetu.

Mimi nimeishi vita nyingi, na ninyi pia mnazo zenu. Kila moja inaanza na minong'ono sokoni, halafu bei ya chumvi, halafu watu wa Bijombo, kule milimani, wanashuka na mbuzi na magodoro. Mara ile mpaka ulifungwa, na mtungi wa azoti tuliokuwa nao ukawa wa mwisho. Dokta alitembea akiugusa ubavuni kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Ndipo tukagundua kwamba kristali inasikia mabomu. Siku ya kwanza niliona wimbi refu, nene, likainuka lenyewe. Nikatazama ukutani: mama hatwangi, anaosha vyombo. Halafu, nikiwa bado najiuliza, mlio ukafika masikioni, hafifu, kutoka upande wa uwanda wa Ruzizi. Ardhi ilikuwa imeleta habari kabla ya hewa. Na mara nyingine hewa haikuleta kabisa, upepo wa ziwa uliizuia, lakini kristali ilikuwa imekwisha kujua.

Unafikiri ningenyamaza? Mtaa mzima ulijua. Watu walikuja mlangoni: "Fundi, leo namna gani?" Nami nasema, "Leo iko mbali." Au, "Leo imesogea." Nilikuwa mkubwa kuliko chifu wa mtaa. Ni mke wangu tu ambaye hakuheshimu mambo yale.

"Papa Riziki, tuondoke," alisema kila asubuhi. "Mama yako hawezi kukimbia. Batu wakijaa mu njia, tutamupitisha wapi?"

Hilo ndilo lililonikosesha raha, na nawaomba mlishike. Watoto wangu wangekimbia. Mke wangu angekimbia. Mama angehitaji njia tupu na muda mwingi. Tukitoka mapema mno, tutakaa wapi na mgonjwa wa nyonga, kwa chakula gani? Tukichelewa, atakanyagwa. Kila kitu kilikuwa katika kuijua ile saa. Nami nilikuwa na chombo cha kuijua ambacho hakuna jenerali alikuwa nacho.

"Machine itaniambia," nikamwambia.

"Machine haina mama."

Mvua zikaanza. Mvua yetu mnaijua, juu ya mabati huwezi kusikia hata mtu anayekuita kwa jina. Wakati huo huo wenzake Dokta wa ng'ambo wakaandika kwamba wanataka tuwashe chujio. Hilo ndilo tulilokuwa tunalitengenezea uongo wetu wote: ordinateri ikiona shindo, ilitoe, iliweke kwenye pubeli, yaani pipa la takataka, na kwenye kioo yabaki mambo ya maana tu. Tukaliwasha. Likafanya kazi vizuri mpaka nikapiga kifua. Kioo safi. Mstari umelala. Siku zikapita, wimbi kubwa hata moja halikuonekana.

"Leo namna gani, Fundi?"

"Kimya," nikawaambia wote. "Vita imerudi nyuma. Lala."

Nami nililala. Dokta hakulala, alikuwa mtu wa wasiwasi kwa maumbile, na azoti ilikuwa inashuka.

Mchana mmoja mke wangu alinipelekea chakula kazini, ameloa mpaka mifupa. Nikafunua sahani. Ugali na chumvi.

"Sombe iko wapi?"

"Sombe ya nani?"

"Ya Mama."

Akaniangalia kama anaangalia mtu aliyelewa. "Weye hausikii? Toka juzi mutaa muzima hakuna muntu anatwanga. Wamama wa majani hawashuki tena. Nusu ya nyumba ziko tupu. Mama yako mwenyewe amegeuza kinu, anakikalia kama kiti."

Nikageukia kioo. Pembeni, mahali ambapo macho yangu yaliyokuwa hayana ndugu hayakuwa yametazama, kulikuwa na kisanduku kidogo cha pubeli ambacho Dokta alikiandika KINU. Kilikuwa kinahesabu. Hesabu zilikuwa zinapanda kama siku ya soko. Zilipanda nikiwa natazama, kijiko mkononi, na hakuna kinu hata kimoja kilichokuwa kinatwangwa katika Rugenge.

"Dokta!"

Alikuja akasimama nyuma yangu. Alifungua pubeli, mstari wa kwanza ukatokea, mrefu, mnene. Wa pili. Wa tatu. Mikubwa kuliko kinu chochote.

"Hatukuiga bomu," akasema polepole. "Tuliiga kinu peke yake. Imeona shindo, ikasema kinu."

Kwa kristali, bomu la mbali na kinu cha karibu ni watoto wa tumbo moja. Mnasikia? Chujio lilifanya kile hasa tulichokifundisha. Kwa hiyo, vijana, kabla ya kufurahia kioo safi, fungueni pubeli. Kila siku. Hata kama mmeitengeneza wenyewe, hasa kama mmeitengeneza wenyewe.

Mke wangu alikuwa amekwisha kutoka mbio.

Niliwapata motari wawili wa mwisho waliokuwa bado na mafuta. Niligawa watu kama kamanda: mke na watoto juu ya moja, Mama juu ya nyingine, nimemfunga kwa kitenge cha kijani mgongoni mwa motari asianguke.

"Unanifunga kama mutoto," Mama akalalamika.

"Ni safari fupi, Mama. Mpaka Kalundu."

"Na kinu changu?"

"Tutanunua kingine!"

"Chenye kusema hivi? Wapi?"

Nikawaondoa wakiwa pamoja. Mimi na Dokta tukafuata kwa miguu, yeye amebeba ordinateri ndogo tumboni chini ya koti la mvua. Mtambo tuliuacha ukiwaka, panneau juu ya paa, modemu ya simu ikituma mistari kila mtandao ulipopatikana. Alikataa kuuzima. Alisema azoti iliyobaki isikae bure.

Kalundu haikuwa bandari siku ile. Ilikuwa mdomo mmoja mkubwa unaolia. Mashua ilikuwa imejaa, kapiteni anasukuma watu kwa kasia. Nikamwona mke wangu ndani na watoto.

"Mama!" nikapiga kelele. "Mama yuko?"

"Mbele!" akajibu. "Wamemuweka mbele!"

Nikatazama mbele nikaona kitenge cha kijani, kichwa cha mwanamke mzee kimeinama. Nikamsukuma Dokta ndani, nikajitupa nyuma yake. Tulipofika kwenye maji ya buluu nikatambaa juu ya magoti ya watu mpaka mbele, nikamgusa bega. Akageuka. Alikuwa mzee wa watu wengine; mke wangu, aliyetenganishwa na pikipiki ya Mama njiani, naye alidanganywa na kitenge kile.

Nimefanya kazi na umeme, nimeshika azoti, sijawahi kusikia baridi kama ile. Niliomba kapiteni arudi. Watu wakanishika mikono. Baadaye tulisikia kwamba pikipiki ya Mama ilinyang'anywa njiani na wenye silaha, na motari alikimbia kuokoa roho yake. Zaidi ya hapo, hakuna aliyejua. Mama hakuwa na simu. Za majirani waliokuwa nazo hazikuita.

Tulipokelewa na jamaa wa Dokta katika kijiji kimoja cha ufukoni, upande wa Fizi. Kulikuwa na mwamba mahali ambapo mtandao ulipatikana ukikaa vizuri, na hapo ndipo tulipofanya ofisi. Dokta alifungua ordinateri yake magotini. Mtambo ulikuwa bado unatuma.

"Azoti itakaa muda kidogo," akasema. "Ikikaa, tuna sikio Rugenge."

Kwa siku zile tuliacha kutafuta chembe adimu ya ulimwengu. Tulimtafuta mama yangu.

Chujio tulilipindua: yale ya maana tuliyatupa, pubeli ndiyo tukaisoma. Na sasa, kwa mara ya kwanza, tukaiga bomu. Dokta aliandika hesabu juu ya mwamba, kitambaa kichwani kwa ajili ya jua. Mimi nilimwambia mkia urefushe, mwanzo uuvimbishe, hapana, punguza, hapo. Tulitengeneza mabomu ya uongo mengi kuliko jeshi lolote, ili ordinateri iweze kuyaondoa na kutuachia kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa malori. Milango. Halafu hakukuwa na kitu. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko mabomu, maana bomu angalau unajua limeanguka mahali.

Mke wangu aliniletea chakula juu ya mwamba na hakusema neno lolote juu ya machine. Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Halafu mchana mmoja, kwenye saa ya sombe, mistari miwili. Miwili tena. Pa-pa. Pa-pa.

Nilisimama na simu mkononi nikapoteza mtandao. Nikakaa.

"Ni yeye!"

"Usikimbie," Dokta akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida. "Tuilinganishe." Akaita uongo wetu wa zamani, kinu chenye ufa, sombe ndani. Akaulaza juu ya mstari. Haukukaa. Mstari huu ulikuwa umechongoka.

Nilijua kabla hajaweka wa pili. Jino. Mtetemo wa mti nyuma. Kinu kitupu.

Na hapo furaha yote ikanitoka. Mama yangu hatwangi kinu kitupu. Alikataa sabuni, alikataa kitenge. Kwa hiyo si yeye. Ni watu wamo ndani ya nyumba yetu, wanakipasua kinu chake wapate kuni. Nilimwambia Dokta. Nilimwambia nikiwa nimegeukia ziwa ili asinione.

Hakunibembeleza. Aliendelea kutazama.

"Anayepasua kuni anapiga mpaka imepasuka," akasema. "Huyu alipiga kidogo, akaacha. Na ufa bado unasema. Tungoje kesho."

Kesho yake, saa ile ile, tulikuwa tumeinamia kioo. Pa-pa. Pa-pa. Jino, jino. Kidogo tu, halafu basi, kama mtu anayebisha hodi na kungoja.

Mke wangu alikuwa amekuja na sahani. Nikamwonyesha, nikamweleza kwamba ni kinu cha Mama, kitupu, na kwamba sielewi. Akaiweka sahani chini.

"Weye fundi," akasema, "weye munyewe ulimuambia machine inamusikia."

Nikatazama tena jino lile kwenye kioo.

"Anakuita, mujinga!" Akaanza kucheka, machozi yanamtoka, ananipiga mgongoni kwa kiganja. "Hana majani, hana kitu, anakuita!"

Alituita kila mchana mpaka azoti ikaisha. Siku ya mwisho mistari ilianza kuvimba kelele, kristali ikipata joto, kama mvua inayokuja kutoka ng'ambo ya ziwa. Ndani ya mvua ile niliona pa-pa moja, kisha sikuona tena. Dokta akafunga ordinateri. Kristali ile haikuwa na kazi tena kwa muda mrefu, na wenzake chini ya mlima bado wanangoja chubwi yao. Nawatakia heri. Minye yangu nimeipata.

Njia ilipofunguliwa nilikuwa wa kwanza kuingia Rugenge. Mlango wetu ulikuwa hauna kufuli. Mama alikuwa uani, amekonda, amekalia kinu, fimbo iliyomrudisha nyumba kwa nyumba iko magotini. Alinitazama kutoka viatu mpaka kichwa, kama mtu anayekagua mzigo uliochelewa.

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia, Mama. Kila siku."

"Nimetwanga kinu kitupu mpaka njaa imekuja na ndugu zake wote," akasema. "Sasa mawese ya wale wazungu iko wapi?"